Hesabu ya Gorogoro Moja: Mwongozo Kamili wa Kuanza Biashara Ndogo Kisumu

Gunia langu la kwanza la omena, dagaa wa Ziwa Victoria, nililifungulia nyumbani Manyatta, juu ya turubai, faida nikiwa nimeshaipanga kichwani. Juu omena zilikuwa kavu, zinang'aa kama fedha. Nilipofika katikati, mkono ulitoka na unyevu. Chini kabisa kulikuwa na mchanga wa kujaza bakuli. Nilinunua kwa kutazama mdomo wa gunia tu, kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka nami niliona haya kumwomba amwage nione. Jioni ile nilipima mzigo wote: gorogoro 31 za kuuzika, mahali nilipotarajia 40. Ndipo nikajua bei niliyonunulia hasa, na haikuwa ile niliyowatajia majirani.

Kwa msomaji wa mbali, gorogoro ni kopo la mafuta ya kupikia la kilo 2, ambalo masokoni mwetu ndilo kipimo cha mahindi, maharagwe, njugu na omena. Tangu siku ile kila jambo la biashara nalipeleka kwenye kopo hilo. Kodi ya kibanda ni gorogoro ngapi? Mkopo huu ni gorogoro ngapi? Vijana wengi huniuliza wapate wapi mtaji. Mimi huwaomba kwanza wanieleze wanabakiwa na shilingi ngapi kwenye kipimo kimoja, na hapo mazungumzo hukatika. Mwongozo huu ni wa kuyaendeleza mazungumzo hayo.

Hatua ya kwanza: tafuta gorogoro yako

Kila biashara ina kipimo chake. Cha muuza chapati ni chapati moja, cha msusi ni kichwa kimoja, cha mwendesha boda ni safari moja. Rafiki yangu wa Nakuru anayeuza mitumba alihangaika hapa, maana ndani ya belo moja mna nguo za kila daraja: kamera, yaani nguo bora, chache zinazopata bei nzuri, na rundo la mwisho linalomwagwa chini na kuuzwa hamsini hamsini. Akaamua kipimo chake kiwe belo zima, akawa anaandika siku alipolifungua na siku lilipokwisha. Hiyo pia inafaa. Chagua kitu unachoweza kukihesabu jioni ukiwa umechoka, bila kubahatisha.

Hatua ya pili: wiki ya kuhesabu watu

Usinunue kitu bado. Nenda sokoni ukakae.

Soko la Kibuye siku yake kubwa ni Jumapili. Watu humiminika kutoka kila upande, na ukihesabu siku hiyo peke yake utadanganyika. Nenda Jumapili, urudi Jumanne, urudi tena Ijumaa. Kondele nayo ina saa zake: kuanzia saa kumi na moja jioni, watu wanashuka kwenye matatu wakitafuta cha kupika usiku uleule. Simama na kalamu. Katika saa moja, wangapi walisimama mbele ya muuza omena? Wangapi walinunua? Walinunua gorogoro nzima au kikombe? Nunua kidogo kwa wauzaji watatu tofauti, uende ukapime nyumbani. Utaona kuwa vikombe vya sokoni havilingani, na kwamba mwenye bei ya chini huenda ndiye anayeuza ghali kuliko wenzake.

Kisha zungumza na watu. Muuzaji hatakwambia faida yake, wala si adabu kumuuliza. Lakini ukinunua kwake mara mbili, muulize kwa heshima: "Mama, gunia lako huchukua siku ngapi kuisha?" Hilo wengi hulijibu, na jibu lake lina thamani kubwa kuliko bei. Mzigo unaoisha kwa siku tano hurudi mkononi mara tano au sita kwa mwezi. Unaoisha kwa siku kumi na tano hurudi mara mbili tu, hata kama faida yake kwa kipimo ni nono.

Kwa wateja, tafuta linalowaudhi. Mama mmoja aliniambia hutoka kazini saa kumi na mbili na nusu na hana muda wa kuchambua mchanga kabla watoto hawajalala. Hakulalamikia bei hata kidogo. Nikaanza kupepeta na kuchambua omena zangu asubuhi kabla ya kuzipanga mezani, na watu wakawa wanapita meza mbili wakija kwangu. Haya ndiyo vitabu huyaita pengo la soko. Mtaani ni kero ambayo mtu yuko tayari kukulipa uiondoe.

Hatua ya tatu: gharama ya kweli ya kipimo kimoja

Hapa tutakaa, kwa sababu hapa ndipo biashara nyingi hufia. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu samaki hupungua, kwa hiyo bei ya bichi, ufukweni wavuvi wanakoshukia, hupanda na kushuka hata ndani ya mwezi mmoja. Chukua hesabu hii, uweke bei za siku yako.

Tuseme umenunua gunia la gorogoro 40 kwa shilingi 8,000. Mtu wa haraka atasema kila gorogoro ni 200, nauza 300, faida 100. Sasa tuandike yote.

Gunia: 8,000
Nauli ya mzigo hadi sokoni: 400
Mtu wa mkokoteni: 100
Mifuko ya kufungia: 200
Ushuru wa soko, siku 5 kwa 50: 250
Jumla: 8,950

Halafu kuna zile gorogoro ambazo hazitauzwa kamwe. Kuna vumbi na vichwa vilivyokatika, kuna mchanga, na kuna nyongeza. Mteja wa Kisumu akishapimiwa atakwambia, "Dada, si uongeze kidogo," na usipoongeza hatarudi. Ukipoteza gorogoro 3 kwa njia hizo, unabaki na 37 za kuuza. Gawa 8,950 kwa 37 upate shilingi 242. Hiyo ndiyo bei uliyonunulia. Ukiuza kwa 300, kinachobaki ni 58.

Bado hatujamaliza. Wewe mwenyewe unakula mchana na unapanda matatu. Kwa shilingi 150 kwa siku, siku tano ni 750. Mauzo ya gorogoro 37 ni 11,100. Ondoa 8,950, ondoa na 750, zinabaki 1,400. Kwa kila gorogoro ni kama shilingi 38.

Ile faida ya 100 imekuwa 38, wala hakuna aliyekuibia. Anayedhani ana 100 atatumia 100, na baada ya magunia manne atashangaa fedha ya gunia la tano imekwenda wapi. Huko ndiko kula mtaji, na wengi wanaoula hawajui kuwa wanaula.

Je, 38 inaweza kukua? Ndiyo, na kupandisha bei si njia ya kwanza. Rudi kwenye ile wiki ya kuhesabu: watu wengi wa jioni hununua kikombe, kwa sababu wana shilingi 50 mfukoni na wanapika leo. Gorogoro moja ikitoa vikombe 7 vya 50, inaleta 350. Ongezeko ni 50, ondoa kama 8 za mifuko ya ziada, na sasa gorogoro inakuachia 80. Mteja mdogo amekulipa zaidi ya mara mbili ya yule mwenye kapu kubwa, nawe umemhudumia kadiri ya uwezo wake. Tafadhali kikombe kiwe kimoja siku zote. Nimeona watu wakikibonyeza kitako ili kibebe kidogo, na wateja hulijua jambo hilo upesi kuliko wanavyodhani.

Hatua ya nne: mahali, na gorogoro 60 zisizo zako

Kuna gharama zinazokuja uuze usiuze. Tuseme kodi ya kibanda ni 1,500 kwa mwezi, stoo na mlinzi wa usiku 500, na 280 unazoziweka kando kila mwezi kwa ajili ya kibali cha mwaka. Jumla 2,280. Gawa kwa 38 upate 60. Gorogoro 60 za kwanza za kila mwezi ni za mwenye kibanda, mlinzi na kaunti. Zako zinaanzia ya 61.

Ukiuza magunia matano kwa mwezi, yaani gorogoro 185, unabaki na 4,750. Ni kidogo, nami nataka ukione ukiwa bado hujalipa chochote. Nusu ya mzigo ikipita kwa kikombe, kibanda kilekile kinakuachia karibu 8,600. Hapo ndipo utaamua kwa macho yaliyo wazi: uongeze njugu au maharagwe pembeni, utafute mahali penye watu zaidi, au ubaki na kibarua chako huku ukiuza jioni peke yake. Kuuza jioni peke yake si aibu. Mimi niliuza hivyo miezi saba.

Kuhusu gudwili, ile fedha unayoombwa na anayekuachia kibanda: ipeleke kwenye kopo kabla ya kukubali. Gudwili ya 38,000 ni gorogoro elfu moja. Kwa 185 za mwezi, ni zaidi ya miezi mitano ya kazi bila senti kwenda nyumbani, na mara nyingi hakuna karatasi inayokulinda mwenye mahali akikutaka utoke. Kwa anayeanza, mimi nasema hapana. Anza na meza.

Hatua ya tano: mtaji, sasa ndio wakati wake

Kwa hesabu hizi, gunia na gharama zake ni karibu 9,000. Ongeza turubai, kopo, ungo na kodi ya mwezi wa kwanza, unafika kama 12,500. Lakini huhitaji kuanza na gunia. Nunua gorogoro 10 kwa wauzaji wa jumla Kibuye, uuze wiki mbili karibu na nyumbani, uandike kila kitu. Faida itakuwa nyembamba. Unalipia kujua, na ni bei rahisi kuliko gunia lenye mchanga.

Fedha bora ya kuanzia ni akiba yako na zamu yako ya chama, kikundi chenu cha kuchangiana. Baada ya hapo kuna mikopo, na swali ni lilelile. Chama kikikukopesha 5,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ni 500, sawa na gorogoro 13. Je, hizo 5,000 zitakuletea zaidi ya gorogoro 13? Zinanunua kama gorogoro 20, na zikizunguka mara tano kwa mwezi ni 100. Inalipa, ikiwa wanunuzi wa hizo 100 wapo. Mzigo ukilala, mkopo haulali.

Hustler Fund, mfuko wa mikopo uliozinduliwa na serikali tarehe 30 Novemba 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo ni ndogo sana ukilinganisha na riba ya chama. Kiwango cha mtu binafsi kilipangwa kati ya shilingi 500 na 50,000, na asilimia 5 ya kila mkopo huingizwa kwenye akiba yako, kwa hiyo ukikopa 5,000 unapokea 4,750. Muda wa kulipa ni siku 14. Omena ya siku tano inaingia vizuri humo. Mashine ya kusaga njugu haiingii, maana itachukua miezi kujilipa. Mkopo mfupi ni wa kununua mzigo unaozunguka upesi, mkopo mrefu ni wa kununua chombo cha kazi. Ukizichanganya hizo mbili, utakopa huku ili ulipe kule.

Hatua ya sita: daftari, mifuko miwili na deni

Nunua daftari la kawaida. Kila jioni andika mistari minne: gorogoro zilizouzwa, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka na ilikokwenda, na nani ana deni. Dakika kumi zinatosha. Ujumbe wa M-Pesa ni ushahidi mzuri, lakini hausemi ulichouza, na fedha taslimu haina ujumbe.

Fedha za biashara zisikae na za nyumbani. Chukua laini nyingine, au Pochi la Biashara, au namba ya till, na malipo yote ya wateja yapite huko. Kila Jumamosi jilipe kiasi ulichokipanga, hata kikiwa 700, ukihamishie kwenye laini yako. Karo ya Januari, Mei na Agosti itoke kwenye malipo hayo na akiba yako, isitoke kwenye gunia. Najua mambo ya matanga na ya ndugu, nami siwezi kumwambia mtu asichangie. Nilichofanya ni kuwa na bahasha ya michango ninayoitia kidogo kila wiki. Ikiisha, nasema wazi kuwa imeisha, na watu huelewa kuliko nilivyohofia.

Deni la wateja liwe na mpaka. Gorogoro moja ya deni ni 300 zilizotoka mkononi, na faida ya 38 inamaanisha utauza karibu gorogoro 8 nyingine kufidia hiyo moja isipolipwa. Mpaka wangu ni vikombe viwili kwa mtu ninayejua anakoishi, na hapati kingine kabla hajalipa. Niliwahi kumkopesha mwenye hoteli ndogo gunia karibu zima, akiahidi mwisho wa mwezi. Nilizungushwa hadi nikachoka kupita kwake.

Hatua ya saba: panga miezi minne ya ukame

Kila biashara ina msimu, na omena yetu ina msimu ulioandikwa. Upande wa Kenya wa ziwa, uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Omena inayobaki sokoni hupanda bei, nayo mvua za Aprili na Mei hufanya ukaushaji kuwa mgumu, hivyo unyevu unaongezeka wakati uleule bei inapopanda. Anayeanza Machi bila kujua hili huvunjika moyo Aprili.

Kwa hiyo andaa bidhaa ya pili mapema, inayouzwa kwa kopo lilelile na wateja walewale: mchele wa Ahero, njugu, maharagwe. Ifanyie hesabu ya hatua ya tatu tangu mwanzo, maana gharama zake ni nyingine. Mchele hauvunjiki kama omena, lakini mteja huijua bei yake kwa kila duka, na nafasi ya faida ni nyembamba. Ukiuza ususi, tafuta Aprili yako iko wapi. Ukiuza vitabu na sare, tayari unaijua.

Hatua ya nane: karatasi

Hili nitalipitia upesi. Pata PIN ya KRA, namba yako ya mlipakodi kwenye mamlaka ya mapato, kama huna. Jina la biashara husajiliwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nalo litakufaa utakapotaka akaunti ya benki au kuuzia shule. Mwenye meza sokoni hulipa ushuru wa siku, mwenye kibanda au duka huhitaji kibali cha kaunti kila mwaka. Uliza ofisi ya soko kabla ya kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, ili kanjo, askari wa kaunti, wasikukute huna. Wanaoshika chakula hutakiwa kuwa na cheti cha afya, kinachofanywa upya kila miezi 6. Ukihamia kwenye mizani, ikaguliwe na kupigwa mhuri wa serikali kila mwaka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, kwa hiyo bei ya karatasi iwemo kwenye hesabu yako.

Kodi ya mauzo inahitaji uangalifu. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni 1 na isiyozidi milioni 25 kwa mwaka, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Katika mfano wetu, gorogoro 185 kwa 300 ni 55,500 kwa mwezi, yaani 666,000 kwa mwaka. Uko chini ya kiwango. Lakini ukikua ukavuka milioni, kumbuka ni asilimia 3 ya mauzo. Kwa gorogoro ya 300 ni shilingi 9, nazo zinatoka kwenye zile 38, karibu robo ya ulichobakiza. Panga bei na vipimo vyako kabla ya kuvuka. Sheria za kodi hubadilika karibu kila katikati ya mwaka, basi kila Julai thibitisha kiwango kwenye ofisi ya KRA.

Hatua ya tisa: siku ya kununua

Fika asubuhi, kabla jua halijawa kali na broka hawajaanza kuvutana. Beba kopo lako mwenyewe, turubai, na bei ya juu kabisa utakayolipa, ukiwa umeiandika nyumbani. Kama unauza 300 na gharama zako za pembeni unazijua, tayari unajua ni bei gani ya gunia inayofuta zile 38. Ukifika hapo, simama.

Salimia kwanza, uulize za nyumbani, uulize omena zilianikwa wapi. Zilizoanikwa kwenye nyavu hazina mchanga kama zilizoanikwa chini. Chukua chache, uzivunje: kavu hukatika kwa mlio, mbichi hupinda. Nusa. Kisha ingiza mkono katikati ya gunia hadi kwenye kiwiko, uutoe, utazame vidole. Baada ya hapo mwombe muuzaji, kwa adabu, akumwagie kwenye turubai lako muipime pamoja. Akikubali, umepata mtu wa kununua kwake miaka mingi. Akikataa, mshukuru, kunja turubai lako, uende kwenye gunia linalofuata.